Damu Ikiganda Mguuni, Tuanze na Picha Ipi?

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya upasuaji, uzazi au kulazwa muda mrefu, daktari hushuku kuwa damu imeganda katika vena za ndani. Bonge likimeguka na kufika mapafuni laweza kuua. Kwa kuwa dalili pekee hudanganya, mgonjwa huhitaji picha. Mjadala ni picha ipi itangulie.

Zamani kipimo kilichoaminiwa kuliko vyote kilikuwa venografia: mgonjwa hudungwa dawa ya rangi kwenye mshipa wa juu ya unyayo, kisha hupigwa eksirei. Picha hutoka safi, lakini kipimo huuma, dawa yaweza kuathiri figo, na mara chache chenyewe huleta bonge. Ndiyo maana sasa hakitumiki sana.

Altrasaundi ilikipiku kwa kanuni nyepesi. Vena isiyo na tatizo ikibonyezwa hufunga kabisa. Yenye bonge hugoma. Mpimaji hubonyeza kinenani na nyuma ya goti, na kwa mabonge ya kuanzia goti kwenda juu hugundua zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Haina mionzi wala sindano, na mashine husogezwa hadi kitandani.

Wanaoitilia shaka wana hoja. Mabonge ya shavu la mguu huikwepa mara nyingi zaidi, vena za nyonga hazibonyezeki, na majibu hutegemea ujuzi wa mpimaji. Hapo CT-Skani husaidia, maana huonyesha nyonga na mapafu kwa safari moja, ingawa kwa mionzi na dawa ya rangi. MRI haina mionzi, hivyo humfaa mjamzito anayeshukiwa bonge la nyonga, lakini ni ghali na hupatikana hospitali chache.

Hata hivyo, udhaifu wa altrasaundi una tiba: shaka ikibaki, kipimo kirudiwe baada ya wiki moja. Vituo vingi vina mashine hiyo tayari kwa ajili ya wajawazito. Mara nyingi kinachokosekana ni kichwa bapa cha kupimia mishipa ya karibu na ngozi, na mtu aliyefunzwa kukitumia.

Kwa hiyo, kabla ya kutamani skana nyingine ya mamilioni, wakuu wa hospitali wanunue vichwa hivyo, wafunze wapimaji, na wahakikishe kila mgonjwa ambaye majibu yake yana shaka anaondoka na tarehe ya kurudi.