Usiamue kwa Woga



Kuna mchezo wa Wamarekani ambao wengi wetu hapa Kiritiri hatuujui. Mpira wake umechongoka kama wa raga. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo aliacha raga akajiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Alisajiliwa upande wa ulinzi, nafasi ambayo moja ya kazi zake ni kumvamia mchezaji anayeitwa kwotabeki.

Kwotabeki ndiye huamua mpira uende kwa nani. Wenzake watano wenye miili mikubwa husimama mbele yake kumkinga, lakini kinga hiyo haidumu. Ana kama sekunde tatu hivi, kisha wanamfikia.

Angalia anachofanya aliyefunzwa vizuri. Kwanza, hawakodolei macho wanaomjia, maana hatamwona mwenzake aliye huru kule mbele. Pili, wakimzunguka kutoka pembeni, harudi nyuma. Anapiga hatua mbili mbele, nao wanapitiliza mgongoni mwake. Tatu, asipomwona aliye huru, anautupa mpira nje ya uwanja. Timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10. Amepoteza jaribio moja, lakini mpira bado ni wao. Anayelazimisha pasi kwa woga huipeleka mikononi mwa adui.

Mpendwa, hilo la tatu sisi wahubiri hatulisemi. Tunawaambia mkaze imani, hata pale ambapo hekima ni kuachilia. Mimi mwenyewe nimeanguka hapo. Tulipokuwa tunaezeka kanisa, fundi alinipigia kila asubuhi akitaka pesa zake. Nikakopa kwa simu, nikakopa tena kulipa ule mkopo wa kwanza, nikaita hiyo imani. Mama Mchungaji akaniuliza, "Si ungesimamisha kazi mwezi mmoja?" Nilikosa jibu. Mabati yangengoja. Ule ulikuwa woga.

Mfalme Sauli alianguka vivyo hivyo kule Gilgali (1 Samweli 13). Wafilisti wamejikusanya, watu wanamtoroka, Samweli amechelewa. Akatoa sadaka ambayo haikuwa yake kutoa, na alipomaliza tu, Samweli akafika!

Lakini Paulo, walipomvizia Dameski wamuue, alishushwa ukutani usiku ndani ya kapu (Matendo 9:25). Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Aliuachilia mji mmoja, akabaki na huduma yote.

Sasa wewe. Karo imeitishwa, bei ya muguka imeshuka, ndengu zimekauka shambani, na kuna mtu anataka umuuzie shamba leo leo. Usimkodolee macho anayekukimbilia. Omba kwanza. Keti na mkeo au mumeo, mwambiane ukweli. Nenda kwa mwalimu mkuu na kile kidogo ulicho nacho, umweleze. Hiyo ndiyo hatua ya mbele. Na kama kuna la kuachilia, liachilie bila aibu. Mwezi mmoja wa aibu utapita, lakini shamba lililouzwa kwa woga halirudi.

Tena usidhani presha ni dalili kwamba Mungu amekuacha. Uwanjani, anayevamiwa ni yule aliyeshika mpira.

Kama kuna uamuzi unaokukimbiza wiki hii, niandikie tuombe pamoja kabla hujatia sahihi.

Mbarikiwe. Amina.