Turubai Bichi Halikunjwi

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi leo nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu akiba iliyooza, na aliyeiozesha ni mimi mwenyewe. Naandika habari ya turubai. Najua wako watakaocheka na kuuliza, turubai nalo lina nini cha kuandikwa? Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke wakitaka.

Mwezi wa Aprili sisi wanafunzi tisa tulifunga safari ya miguu ya siku mbili, kutazama mikoko ya delta na namna maji yanavyojaa na kupwa. Hema hatukuchukua, maana ni zito, na mwenye kukanyaga matope yampasa abebe kidogo. Tulichukua turubai moja la mita 3 kwa mita 4, pamoja na kamba zake. Lilikuwa la bibi yangu, wa hapa hapa Nyamisati. Turubai la pamba ambalo marehemu babu alikuwa akifunikia shehena katika mashua ziendazo Mafia. Usiku ule mvua ya masika ilinyesha mpaka alfajiri, nasi tulilala wakavu kama waliolala kwao.

Makosa yalikuja wakati wa kurudi. Tulilifungua turubai kambani likiwa bichi, tukalisokomeza chini kabisa ya mzigo, na juu yake tukapanga blanketi na masufuria. Mvua ya pili ikatukuta njiani. Ikatubidi kumwaga mzigo wote chini ili tulipate, na blanketi zikalowa mbele ya macho yetu. Tulifika usiku, hoi. Nikalitia turubai katika mfuko wa plastiki, nikaufunga mdomo, nikausukuma uvunguni mwa kitanda nyumbani kwa bibi. Nikajiambia, "Kesho nitalianika." Kesho ile haikufika.

Mwezi wa Juni bibi alivuna mpunga. Ulikuwa umekwisha kupigwa, umerundikwa karibu na dungu ukingoja mtumbwi, mara mawingu yakatanda. Nikatumwa nyumbani mbio kuleta turubai. Nilipoufungua ule mfuko harufu ilinipiga usoni. Koga lilikuwa limeenea kote, na tulipolivuta kufunika mpunga lilichanika mikononi mwetu kama karatasi iliyolowa. Tulifunika kwa mikeka na magunia, lakini mvua haikutuonea haya. Siku chache baadaye sehemu ya mpunga ule ilikuwa imeanza kuota. Ulikuwa mpunga wa kula, na wa kuuza ili nipate madaftari. Bibi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Mume wangu, turubai hukulikunja. Ulilizika."

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili, na maoni yangu ni haya: safari haiishi watu wanapofika nyumbani, huisha turubai linapokauka.

Sababu yake si ngumu. Koga ni kiumbe hai, nacho chahitaji chakula, unyevu na joto. Pamba ni chakula chake, na mfuko uliofungwa huyahifadhi maji yaliyobaki. Joto la pwani yetu latosha kabisa. Basi mwenye kufungia turubai bichi amemwandalia adui karamu.

Wako wenzangu wanaonijibu, "Hayo ni ya pamba. Sisi tuna la plastiki, nalo halijui kuoza." Ni kweli, lakini plastiki nayo ina maadui zake. Jua likiipiga siku nyingi huikausha ikavunjikavunjika. Kwa hiyo ianikwe ikauke, isisahauliwe juani wiki nzima. Maji ya bahari yakikauka juu yake huacha chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na pete za chuma za pembeni hushika kutu. Hata lile jepesi la nailoni, lililopakwa utando wa kuzuia maji, likiwekwa bichi muda mrefu utando huanza kunata, kisha hubanduka.

Tena liko jambo la uzito. Maji yenye unene wa milimita 0.1 tu, yakitanda juu ya turubai la mita za mraba 12, ni lita 1.2, yaani kilo 1.2. Mwenye kulikung'uta vizuri kabla ya kulikunja amejipunguzia mzigo bila ya kutoa hata senti moja.

Basi yafaa tufanye hivi. Safarini, turubai likae juu ya mzigo, liwe la mwisho kuingia na la kwanza kutoka. Na likiwa bichi litengwe na nguo na blanketi. Kamba zikunjwe peke yake. Tukirudi, lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, lianikwe pande zote mbili, na lifutwe makombo ya chakula yasije yakawaita panya. Likikauka likunjwe, lakini si katika mikunjo ile ile kila mara, maana hapo ndipo linapokatika. Kisha liwekwe mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na mafuta ya taa.

Nami naomba shule yetu iwe na daftari la maturubai. Anayechukua aandike jina lake, na jina lisifutwe mpaka mwalimu wa zamu ameligusa turubai kwa mkono wake akaliona kavu. Wengine watasema tumechoka tukirudi. Nakubali. Lakini kulitandaza juu ya kamba asubuhi, kabla ya kengele, ni kazi ya watu wawili kwa dakika chache.

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalipofunika mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti, wengi walihama makwao. Kwa mtu aliyehama, turubai zima ni paa la nyumba yake. Siku kama ile haitoi nafasi ya kusema, "Kesho nitalianika."

Nimesema yangu. Sasa asiyecheka na anisaidie kukunja; na anayecheka, kwanza akatazame uvunguni mwake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu