Mapinduzi Yanaua Mali Kauli

Pale tunapochajia simu, kila jioni kuna mkutano. Vijana wanaangalia video za Kapteni Traoré wa Burkina Faso, wanapiga makofi, halafu lazima mmoja aseme: "Na sisi Burundi tungepata mwanajeshi kama huyu, tungerudi nyumbani kesho." Juzi nilimwambia mmoja aache upuuzi. Akanijibu kwa adabu, lakini alinijibu: "Baba, ninyi wazee mlipiga kura weee, na kura zenu ndizo zilizotuleta hapa kambini." Sikuwa na jibu la papo hapo. Ninalo sasa.

Kwanza nikiri. Tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Niyombare alipotangaza redioni kwamba Rais Nkurunziza ameondolewa, mimi nilikuwa Buyenzi, na nilicheza. Nilifunga duka nikatoka barabarani. Rais alikuwa Dar es Salaam mkutanoni, tukaona kazi imekwisha. Siku mbili baadaye waliopindua wameshindwa, redio zimechomwa, na mimi nimesimama mbele ya duka langu la vipuri sijui nifungue au nikimbie.

Sasa sikilizeni duka lile lilivyokuwa linaenda, maana hesabu yote iko humo. Mtaji sikuwa nao. Tajiri mmoja wa Kariakoo alikuwa ananipa mali kauli: breki, filta, mikanda ya injini. Nauza, namlipa baada ya miezi miwili. Hakuna benki, hakuna mwanasheria. Yeye aliamini tu kwamba baada ya miezi miwili mimi nitakuwa palepale, barabara itapitika, na faranga zangu zitapata dola. Mimi nami nikawakopesha mafundi wa gereji, fundi akamtengenezea mwenye teksi kwa deni, mwenye teksi akalipa jumamosi. Mlolongo mzima wa watu wasio na pesa, na wote wanakula! Mwisho wa Mei ikaja simu kutoka Dar: "Ndugu yangu, poleni sana na matatizo. Lakini safari hii tuma keshi kwanza." Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa mimi, ningesema vilevile.

Hakuna risasi iliyogusa duka langu. Lilikufa kwa simu ile. Wachumi wanaandika kwamba mwaka 2015 uchumi wa Burundi ulirudi nyuma kwa karibu asilimia 4, na ni kweli, ila ukitaka kujua asilimia hizo ni kitu gani, zidisha simu yangu mara maelfu.

Najua mtasema: lile lilishindikana, ndiyo maana. Haya, tuchukue yaliyofanikiwa. Micombero 1966. Bagaza 1976. Buyoya 1987, na Buyoya tena 1996. Wazee wenzangu watanitajia barabara za Bagaza na umeme wa Rwegura, na sibishi, vilijengwa. Lakini aliyeingia kwa mlango wa kambi ya jeshi alitolewa kwa mlango huohuo, yeye yuko mkutanoni Canada. Mche wa kahawa unataka miaka mitatu au minne ndipo ukupe mavuno ya maana. Mkulima wa Kayanza apige hesabu gani kama serikali yenyewe haijui itaamka ya nani?

Hiyo ya 1996 naikumbuka vizuri kuliko zote, nilikuwa kijana wa gereji. Nchi jirani zilituwekea vikwazo, vikakaa mpaka Januari 1999. Petroli tulinunua kwa chupa, kama dawa ya kikohozi. Mwaka ule uchumi ulianguka kwa asilimia 8 hivi, juu ya maporomoko ya vita vilivyoanza wanajeshi walipomuua Rais Ndadaye Oktoba 1993. Waliotajirika? Wenye jamaa jeshini, waliojua njia ya kupitishia mafuta. Hao hata leo watakwambia mapinduzi yana faida.

"Kwa hiyo mtu akae madarakani milele?" Hapana, bwana. Kulazimisha muhula wa tatu nako ni mapinduzi, tofauti ni kwamba aliyeyafanya hakuvaa magwanda. Tajiri wangu hakusubiri Mei. Alianza kuniuliza maswali tangu Aprili.

Na ninyi wenzetu wa mashirika, maana najua gazeti hili mnalisoma. Semina zenu za ujasiriamali tunakuja, soda tunakunywa. Lakini angalieni walioketi mbele yenu: yule alikuwa na malori mawili, yule mama alikuwa na hoteli. Mnawafundisha kuandika mapato na matumizi kana kwamba walifilisika kwa kutojua kuandika. Wakubwa wenu nao wana lao. Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016, ukaondoa zuio Februari 2022. Waliokuwa wanagombania ikulu sikuwaona kwenye foleni ya zahanati. Dada yangu alikuwepo.

Nakurudia, mwanangu. Kati ya 2005 na 2014, miaka ileile ya kura unayoicheka, uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4 hivi kwa mwaka. Si utajiri, na rushwa ilikuwepo tele. Lakini ndiyo miaka niliyofungua duka, nikajenga vyumba viwili. Kura hazikunileta hapa. Alinileta mtu aliyekataa kumaliza zamu yake, na mwanajeshi aliyedhani bunduki itamaliza kwa niaba yetu, na mimi niliyecheza.

Jioni nitakuwepo palepale kwenye chaja. Anayetaka kunibishia aje, ila aje na jina la tajiri mmoja wa Kariakoo ambaye leo anampa mtu wa Bujumbura mali kauli ya miezi miwili.