Fizi Zitibiwe Kabla Jino Halijang'olewa

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma

YAH: HUDUMA YA FIZI KATIKA BIMA YA AFYA KWA WOTE

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wengi wetu huenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa. Fizi zikitoa damu, tunasubiri. Jino likianza kucheza, tunasubiri. Tunapanga foleni maumivu yakishatushinda, na hapo mara nyingi hakuna tena cha kuokoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa nafasi ya kuvunja mazoea haya. Naomba uchunguzi wa fizi, usafishaji wa meno na ukwanguaji wa ugaga vitajwe waziwazi katika mafao ya msingi, na vipatikane hadi kwenye vituo vya afya.

Ugonjwa wenyewe huanza polepole. Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, hushika madini ya mate na kuwa ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki. Fizi huvimba na kutoa damu. Mwaka 1965, mjini Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, uvimbe ukaisha.

Katika hatua hiyo ya kwanza, fizi hupona kabisa. Ugonjwa ukivuka hapo, ufizi hubanduka na kuacha mfuko kando ya jino, na mfupa unaolishika hupungua. Mfupa huo haurudi wenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Hata hivyo, kuna jambo la kututia moyo. Utafiti uliofanyika miaka ya 1980 vijijini Machakos, nchini Kenya, ulikuta utando na ugaga kwa watu wengi, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa kwa wachache. Maana yake ni kwamba wengi wanahitaji huduma nyepesi iliyo karibu nao, na wachache ndio wapewe rufaa.

Matibabu yanajulikana. Mgonjwa hufundishwa kusafisha meno vizuri, hata katikati ya jino na jino. Mtaalamu hupima kina cha mifuko ya fizi, kisha hukwangua ugaga juu na chini ya ufizi, kwa vyuma vya mkono au kwa mashine ya mitetemo. Mgonjwa hupigwa ganzi inapohitajika. Baada ya miezi michache fizi hupimwa upya. Mifuko mirefu iliyobaki inaweza kuhitaji upasuaji wa kufunua ufizi, na kwa baadhi ya wagonjwa mfupa uliopotea huweza kujengwa upya kwa kiasi kwa vipandikizi. Baada ya hapo mgonjwa hurudi kukaguliwa maisha yake yote. Vidonge vya antibayotiki vinavyonunuliwa duka la dawa haviondoi ugaga. Peke yake haviutibu ugonjwa huu, na kuvitumia ovyo huzidisha usugu wa vimelea.

Mheshimiwa, suala hili linagusa pia mzigo wa kisukari. Sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye uvimbe huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Tafiti zimeonesha kuwa kutibu fizi hushusha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kwa kiwango kidogo lakini chenye manufaa. Watumiaji wa tumbaku nao wamo hatarini zaidi, na fizi zao hupona kwa shida.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mafao ya msingi yataje huduma hizi kwa majina, ili mtoa huduma alipwe kwa kuokoa jino kama anavyolipwa kwa kung'oa. Pili, kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno kipewe vyuma vya kukwangulia, ganzi na vifaa vya kutakasia. Tatu, kila mgonjwa kwenye kliniki ya kisukari aulizwe kuhusu fizi zake, akaguliwe kinywa, na apelekwe kwa tabibu wa meno inapobidi. Mafunzo ya kufanya hivyo hayahitaji jengo jipya.

Mwaka 2021 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio la kuhama kutoka kutibu maumivu kwenda kwenye kinga, na kuingiza afya ya kinywa katika huduma kwa wote. Tanzania ni mwanachama. Tunaomba wizara yako ijibu hadharani: ni huduma zipi za fizi zitalipiwa na bima, katika ngazi ipi, na kuanzia lini?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi, Morogoro