Nani Atakubali Kuwa Nyambera wa Pili?

Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, haina ardhi ya kutupia taka. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hadi wengi wamebaki na kipande chenye migomba, chai kidogo na mahali pa kumfunga ng'ombe. Serikali ya kaunti ikitafuta ekari chache za jaa jipya, itabisha hodi kijiji baada ya kijiji na kukataliwa, na wanakijiji watakuwa na haki. Wakazi wa Nyambera, lilipo jaa la mji wa Kisii, wamelalamikia uvundo wake kwa miaka. Nani atakubali kuwa Nyambera wa pili?

Ndiyo sababu toleo hili linazungumzia plastiki na jinsi ya kuirejeleza. Msimamo wa jarida ni huu: kazi hiyo itafaulu au itashindwa pale ganda la ndizi linapokutana na chupa ya soda, yaani jikoni, hotelini na sokoni, saa nyingi kabla ya lori la taka kufika.

Itazame chupa yenyewe. Mwili wake ni plastiki ya PET, na kifuniko ni plastiki ya aina nyingine iliyo nyepesi zaidi. Kiwandani, chupa husagwa kuwa vipande vidogo na kumwagwa majini. Vya mwili huzama, vya kifuniko huelea, na kila aina ikapata njia yake. Lakini chupa hiyo ikilala siku mbili gunia moja na maganda ya ndizi, mashina ya mboga za chinsaga, mabaki ya supu na majivu, uchafu huingia hadi shingoni, na mnunuzi hushusha bei au huikataa kabisa. Kuiosha kunataka maji na mikono. Hasara yote humwangukia mwokota taka, ambaye hulipwa kwa kilo, na kilo moja ni chupa hamsini hivi za nusu lita.

Kijijini watu hawahitaji kufundishwa kutenganisha. Maganda huliwa na ng'ombe, yanayobaki huenda shinani mwa mgomba. Taka mbichi hazina nafasi ya kuichafua chupa. Ni mjini ambako kila kitu hutiwa pipa moja, ingawa wanaotia ni wale wale waliolelewa na desturi nzuri zaidi. Kijijini nako kuna kosa jingine: plastiki huchomwa nyuma ya nyumba, au nailoni hutumiwa kuwashia kuni, na mama na watoto wakavuta moshi wenye sumu. Huo si usafi.

Sheria ipo. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, pamoja na faini yake ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, iliondoa mifuko mingi mitaroni, japo mingi iliyochukua nafasi yake, ile laini inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ilikwenda mbali zaidi. Inamtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka ili zirejelezwe. Kanuni za mwaka wa 2024 nazo zinamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya mteja kuitupa. Kwa hiyo kampuni inayouza maji au mafuta ya kupikia Kisii haiwezi kudai kwamba chupa tupu ni shida ya kaunti peke yake.

Tatizo la Kisii na Nyamira ni umbali. Wanunuzi wakubwa wa plastiki wako Nairobi, zaidi ya kilomita 300, na lori lililojazwa chupa ambazo hazijabanwa husafirisha hewa kwa bei ya dizeli. Mashine ya kubana chupa kuwa marobota hubadilisha hesabu yote. Nyamira ikishindwa kuinunua peke yake, ishirikiane na Kisii. Keroka, mji ulio mpakani, umevutaniwa na kaunti hizi mbili kwa miaka kwa sababu ya ushuru wa soko lake. Taka za soko hilo zinastahili kugombewa kwa bidii hiyo hiyo, na hapo ndipo pangefaa kituo cha pamoja.

Mifano ya Wakenya waliothubutu ipo. Nzambi Matee wa Gjenge Makers, Nairobi, huchanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandaza barabarani, na mwaka wa 2020 alituzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Lamu, mafundi waliunda jahazi Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na mwaka wa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kazi hizo zinastahili sifa, lakini hakuna fundi awezaye kuifuata plastiki iliyokwisha kuingia Mto Gucha, kwa maana mto huo hauishii Gusii. Unashuka hadi Migori na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, na kila chupa inayosombwa na mvua ya Kisii inakwenda kuwa mzigo wa jirani.

Kuizuia mapema kunataka pesa. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa mabungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na Katiba inampa mwananchi haki ya kutoa maoni. Msomaji wa Kisii na wa Nyamira aende kwenye kikao cha wadi yake, aulize ni pesa ngapi zimetengewa kituo cha kuchambulia taka na mashine ya kubana chupa, na asiketi mpaka ajibiwe.