Injini Hukaguliwa, Nyumba Je?



Sisi watu wa reli tumefunzwa jambo moja tangu siku ya kwanza ya kazi: injini haitoki shedi kabla ya kukaguliwa. Breki hupimwa hata kama jana zilishika vizuri. Hapana mtu asemaye, "Tungoje zishindwe ndipo tuzitazame." Lakini dereva yule yule akimaliza zamu huenda kulala katika nyumba ambayo pengine nyaya zake za stima hazijaguswa na fundi tangu zilipowekwa. Jambo hili si haki, nasi twataka chama kilishike.

Wako wenye nyumba wanaotujibu hivi: "Taa inawaka, mwataka nini tena?" Jawabu hilo halitoshi. Waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni stima iliyopotea njia, ukikatika, taa huendelea kuwaka na redio huendelea kuimba. Mtu akiondoa fyuzi na kutia msumari mahali pake, kila kitu hufanya kazi kama kawaida. Ni siku ile pasi ya chuma itakapoharibika ndani ndipo mama wa nyumba atakapopigwa na stima, na hapo ndipo itakapojulikana kwamba waya wa ardhi haukuwapo. Taa ikiwaka twajua stima imefika. Kama ni salama, hatujui.

Na tuhesabu kidogo. Stima ya nyumba zetu ni volti 240. Globu ya wati 60 hutumia robo ya ampea, yaani miliampea 250. Swichi ya usalama ya kulinda watu hutengenezwa ikate stima ikipotea miliampea 30 tu, kwa maana ikizidi hapo moyo wa mtu waweza kushindwa kupiga sawasawa. Basi stima ya globu moja ni zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Tena plagi ya ampea 13 haikuundwa kubeba zaidi ya wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 katika plagi moja zimekwisha kupita kipimo. Kama fyuzi ni msumari, hakuna cha kuzuia: waya hushika moto, mpira wake huyeyuka, na chumba huungua.

Mkaguzi hufungua sanduku la fyuzi, hutafuta viungo vilivyolegea, hupima kwa mita kama mpira wa nyaya ungali mzima na kama waya wa ardhi wafika udongoni, kisha hujaribu swichi ya usalama. Mwisho huandika karatasi: hiki ni kizima, hiki ni cha hatari. Macho ya mpangaji hayawezi kazi hiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi pakaguliwe kila miezi 12. Ni vema. Lakini karakana ikikaguliwa na chumba cha kulala kikaachwa, ni kana kwamba mfanyakazi ana thamani akiwa zamu tu. Huko England, sheria ya mwaka 2020 iliwalazimisha wenye nyumba za kupangisha wakaguliwe nyaya angalau kila miaka 5, wampe mpangaji nakala ya karatasi, na watengeneze yaliyo mabaya kwa siku 28 au upesi zaidi. Ilipoanza, faini iliwekwa hadi pauni 30,000. Basi jambo hili lawezekana.

Twajua kwa nini wapangaji hunyamaza. Alalamikaye peke yake huambiwa atafute chumba kingine. Mwingine huogopa kwamba gharama ya fundi itatiwa katika kodi. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya chama, si ya mtu mmoja. Twapendekeza matawi yote yadai haya:

1. Kila nyumba ya mwajiri ikaguliwe na fundi mwenye leseni kila miaka 5, na kila anapohamia mpangaji mpya, kwa gharama ya mwajiri.
2. Mpangaji apewe nakala ya karatasi, yenye tarehe na jina la fundi.
3. La hatari litengenezwe kwa siku 28, na asifukuzwe mtu kwa kuuliza.
4. Wanaopanga kwa watu binafsi waandikiwe barua na tawi kwa pamoja.

Nao wapangaji wanaotia misumari katika fyuzi au kuvuta waya kwa jirani, waache. Hatuwezi kudai usalama kwa mkono mmoja na kuuharibu kwa mwingine.

Neno hili liletwe katika mkutano ujao wa kila tawi, lipigiwe kura, na liandikwe katika kitabu cha mkutano. Yule dereva akirudi nyumbani, naye alale mahali palipokaguliwa kama injini yake.