Simu nayo ihojiwe kizimbani

Haki ya mshitakiwa kujitetea si hisani ya hakimu, wala si ujanja wa mawakili. Imo katika Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukataza mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Haki hizo zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, shahidi aliyezoeleka mahakamani alikuwa binadamu mwenye macho na ulimi, au karatasi yenye sahihi. Leo amekuja shahidi mwingine, asiyekula kiapo wala kutokwa jasho. Shahidi huyo ni simu ya mkononi.

Tuchukue mfano wa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Mkulima wa huko hupatana bei ya maharage kwa simu, hupokea malipo kwa simu, na pengine hugombana na jirani yake na kupatanishwa naye kwa simu hiyo hiyo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Si ajabu basi kwamba katika mashauri ya utapeli, vitisho, wizi na hata mauaji, upande wa mashitaka huleta simu, au karatasi zilizochapwa kutoka kwenye simu. Jambo hilo si baya. Ubaya huja pale shahidi huyo anapoaminiwa bila kuulizwa swali hata moja.

Sheria zetu hazikulala usingizi. Sheria ya Ushahidi ilitungwa mwaka 1967, wakati kompyuta zilikuwa za kuhesabika nchini. Mwaka 2000, Jaji Harold Nsekela wa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu alikubali, katika shauri la benki, kwamba kumbukumbu za benki zilizomo ndani ya kompyuta nazo ni vitabu vya benki. Mwaka 2007 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi ili taarifa za kompyuta na kanda za sauti na picha zipokelewe katika mashauri ya jinai. Hatimaye mwaka 2015 zikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Watu wengi huishia hapo, wakadhani sheria imesema kila kinachotoka kwenye simu ni kweli. Haikusema hivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala, kama kilivyotungwa mwaka 2015, kinaitaka mahakama ipime uzito wa ushahidi huo: je, njia iliyotumika kuutengeneza, kuutunza na kuupeleka ni ya kuaminika? Je, ukamilifu wake umelindwa? Je, mwenye kuutoa ametambuliwa kwa njia gani? Maswali hayo ndiyo silaha ya wakili wa utetezi, naye asipoyauliza, hakimu anaweza kuhukumu bila kuyasikia.

Sisi tuliopita vyuoni kabla ya kupita shule za Serikali hatuoni ugeni katika jambo hili. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea kauli kwa sababu tu ilikuwa nzuri kusikia. Waliuliza imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani, na kila mpokezi katika silsila hiyo alipimwa uaminifu wake na kumbukumbu yake. Mpokezi mmoja akikosekana, kauli hudhoofika. Wanasheria wa leo huita jambo hilo mlolongo wa utunzaji wa vielelezo. Mahakama ya Rufani iliufafanua katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007: iwepo kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha kielelezo kilikamatwaje, nani alikitunza, kilihama kwa nani, na nani alikichunguza.

Ni kweli kwamba baadaye Mahakama hiyo hiyo ililegeza kamba kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa. Hapo ndipo wakili anapotakiwa kuwa macho. Ganda la simu si rahisi kulibadilisha, lakini yaliyomo ndani hubadilika hata kwa kuiwasha tu. Ujumbe mpya huingia, wa zamani huweza kufutwa, na hata mtu aliye mbali huweza kuingia katika akaunti na kuifuta. Simu iliyokaa wiki mbili katika droo ya kituo, ikiwa imewashwa, si simu ile iliyokamatwa.

Wakili anayejua kazi yake huanzia mwanzo. Je, stakabadhi ya ukamataji ilitolewa, ikiwa na sahihi zinazotakiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985? Je, iliandikwa namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, au iliandikwa tu "simu moja nyeusi"? Simu nyeusi ziko nyingi Kasulu. Je, mchunguzi alifanya kazi juu ya nakala, au aliichezea simu yenyewe? Je, picha ya kioo cha simu iliyoletwa mahakamani inatoka katika simu ya mshitakiwa, au katika simu ya mlalamikaji, ambako jina la mtumaji huandikwa na mwenye simu apendavyo?

Kisha linakuja swali la nani alikuwa ameishika. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao wasioutimiza walianza kuzimiwa laini Januari 2020, unaonyesha jina lililosajiliwa. Hauonyeshi kidole kilichobonyeza. Katika kaya nyingi za vijijini simu moja hutumiwa na baba, mama na watoto. Wako pia mawakala wasio waaminifu waliotumia alama za vidole za mteja mmoja kusajili laini zaidi ya moja. Kila mwananchi anaweza kubonyeza *106# akaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na wengine hushituka kwa wanayoyaona.

Kumbukumbu za mnara nazo zina mipaka. Huonyesha simu ilipata mawimbi kutoka mnara gani, si mtu alikuwa katika nyumba ipi. Katika nchi ya milima na mabonde, mnara mmoja huweza kuhudumia vijiji kadhaa, na mpakani simu huweza kudaka mawimbi ya Burundi ilhali mwenyewe yuko shambani kwake Kibondo. Lugha ni mtihani mwingine. Ujumbe ulioandikwa kwa Kiha au Kirundi, lugha mbili za udugu wa karibu, hufika mahakamani kwa tafsiri ya Kiswahili. Mzaha wa vijana ukitafsiriwa na asiyeijua lugha vizuri huweza kugeuka kuwa tishio la kuua. Wilaya hizi zilipokea wakimbizi kwa maelfu, Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015. Kwa hiyo mkalimani hodari ni sehemu ya haki yenyewe.

Wako watakaosema kwamba maswali haya ni mbinu za kuwaokoa wahalifu. Hatukubali. Mjane aliyetapeliwa kwa ule ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hafaidiki kwa kufungwa mtu ambaye alama yake ya kidole iliibwa. Mwizi anabaki nje, naye anaendelea kutuma ujumbe. Na hukumu iliyojengwa juu ya kielelezo kibovu huanguka katika rufaa, hata kama mtuhumiwa alikuwa ndiye. Polisi anayeandika kumbukumbu sawasawa, na wakili anayezipekua sawasawa, wote wawili wanamtumikia mwananchi mmoja.

Msomaji wa Unguja au Pemba asiseme kwamba Kibondo ni mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao inatumika pande zote mbili za Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ushahidi ya mwaka 2016. Simu inayokamatwa Wete haina tofauti na inayokamatwa Kasulu, na kijana wa Kizimkazi anayesambaza ujumbe asioujua asili yake anaweza kujikuta akijibu maswali haya haya. Visiwani kama milimani, mtu maskini ndiye hufika mahakamani bila wakili.

Hilo ndilo donda lenyewe. Kutoka Kigoma mjini hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 200, na mawakili si wengi. Hadi mwaka 2021 mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa katika Mahakama za Mwanzo, na marekebisho ya mwaka huo yaliwafungulia mlango pale tu hakimu anapokuwa hakimu mkazi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanafanya kazi njema, lakini kazi yao ni kuelimisha na kushauri. Hawasimami kumhoji mtaalamu wa simu.

Hatuna budi, basi, kuwaomba wakuu wanaohusika watende mambo manne. Kwanza, kila kituo cha polisi cha wilaya kiwe na daftari maalumu la vielelezo vya kielektroniki na utaratibu wa kuvifunga mara vinapokamatwa. Pili, upande wa utetezi upewe nakala mapema, kabla ya siku ya kusikiliza, na uruhusiwe kumleta mtaalamu wake. Tatu, mahakimu watumie uwezo ambao sheria ya 2017 imewapa kumwombea mshitakiwa asiye na kitu msaada wa wakili, hasa pale ambapo simu ndiyo shahidi mkuu. Nne, mafunzo ya ushahidi huu yasiishie Dar es Salaam. Yafike Kasulu na Kibondo, yawafikie wapelelezi, waendesha mashitaka, mahakimu na mawakili, ikiwezekana katika ukumbi mmoja.

Mambo hayo yana gharama, lakini kumfunga asiye na hatia kuna gharama kubwa zaidi, nayo hailipwi na Hazina peke yake. Hulipwa na watoto wake.